Mbwa wa kuchunga ndani ya jiji la miamba: dalili, chanzo na la kufanya

Malalamiko ni yale yale. Mtu ananunua mtoto wa German Shepherd au Malinois, masikio bado yamelala, anamleta nyumbani Buhongwa au Kiseke, hapa Mwanza, akijua amepata mlinzi. Akifika miezi minane simu inaanza kulia: "Kaka, huyu mbwa amenishinda. Amemaliza viatu, anakimbiza bodaboda, na ukimwita anakutazama tu kama anayefikiria."

Anafikiria kweli. Malinois ametoka pande za Mechelen, Ubelgiji, ambako mwaka 1891 Profesa Adolphe Reul alikusanya mbwa wa wachungaji na kuanza kuwapambanua. German Shepherd alianzia kwa Max von Stephanitz, kapteni wa jeshi la Ujerumani, aliyenunua dume mmoja mwaka 1899 na mwaka huo huo akaanzisha chama cha mbwa hao. Kazi waliyozalishwa kuifanya ilidai sifa ambayo muuzaji hakutajii: mbwa akae mbali na mchungaji, amwone kondoo anayechepuka, aamue mwenyewe kabla hajaambiwa. Mbwa wetu wa kienyeji huku Usukumani hulala bomani na kubwekea fisi. Ng'ombe wanaswagwa na kijana mwenye fimbo. Ndiyo maana jirani akimwona mbwa anayekusanya, anadhani anashambulia.

Mimi si daktari wa mifugo. Nimeishi na Malinois dume hapa Nyegezi miaka sita, na wenye mbwa wa aina hiyo huniuliza mambo. Nimepanga kwa dalili, na kila dalili naanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi. Anzia juu ukishuka.

Anakimbiza watoto, bodaboda na mbuzi, na kuuma visigino

Niliijua dalili hii Jumapili moja jioni. Watoto saba wa mtaani walikuwa wanacheza chandimu nje ya geti. Ngosha (ndilo jina lake, nitarudi hapo) akatoka bila kubweka. Akashusha kichwa usawa wa mabega, akawazunguka kwa mbali, nusu duara upande huu, nusu duara upande ule. Mtoto akichomoka pembeni, anarudishwa. Hazikupita dakika tatu, mpira ulikuwa umebaki peke yake katikati na watoto wote wamebanana chini ya mwembe, wengine wanacheka, mmoja analia. Huyo alikuwa amejaribu kukimbilia kwao. Kisiginoni palikuwa na vialama viwili vyekundu, ngozi haijachanika. Mama yake akatoka na mwiko mkononi.

"Baba Kulwa, mbwa wako amewapanga wanangu kama ng'ombe!"

Sikuwa na la kujibu, maana ndicho alichokuwa amefanya.

Chanzo cha kwanza, na karibu kila mara ndicho hicho: silika imekosa pa kwenda. Mnyama mwindaji hukodoa macho, hunyatia, hukimbiza, hukamata, kisha huua. Kwa mbwa wa kuchunga, hatua za mwanzo zimekuzwa na za mwisho zimepunguzwa. Kitu kikikimbia mbele yake, miguu inaondoka kabla hajaamua. Kagua kwa njia rahisi: andika kwa wiki moja siku alizotoka kutembea na siku alizofungiwa, halafu uone vurugu zinaangukia siku zipi.

La kufanya linaanza na watoto, si mbwa. Wafundishe kusimama kama mti, mikono kifuani, bila kupiga kelele. Kisichokimbia hakichungwi. Kwa mbwa, tafuta kamba ya mita kumi na mfuko wa dagaa wakavu waliopembuliwa mchanga. Simama mbali na kijiwe cha bodaboda, mbali kiasi kwamba anaziona lakini bado anakubali kula. Pikipiki ikipita, dagaa mmoja. Akigoma dagaa na macho yameganda barabarani, umesogea karibu mno. Rudi nyuma hatua ishirini. Kwetu ilichukua wiki tano kufika ukingo wa barabara. Usimpige. Mbwa anayechapwa kila akitazama watoto hujifunza kwamba watoto ndio wanaoleta kipigo, na siku moja ataamua kuwawahi.

Chanzo cha pili ni woga. Mtoto wa mbwa hujifunza kuzoea dunia hasa kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na nne. Aliyepitisha muda huo nyuma ya geti, kila kitu kwake ni kigeni. Utamtambua: mkia umeshuka, masikio yamelala nyuma, anabweka huku akirudi kinyumenyume, hazunguki. Zoezi la dagaa ni lile lile, ila umbali uwe mara mbili na haraka isiwepo kabisa.

Cha tatu ni binadamu. Kuna mlinzi au kijana wa nyumbani anayejifurahisha kwa kumwambia "kamata!" ukiwa kazini. Uliza kwa upole; utaambiwa.

Kuhusu mbuzi na kuku: mbwa aliyekwisha kuua hazoeshwi kwa maelezo ya kusoma. Atoke na kamba maisha yake yote, na umlipe jirani bila ubishi.

Simama hapa iwapo meno yamechana ngozi ya mtu, hata mkwaruzo mdogo. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, saa mkononi, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usipake mkaa wala mafuta ya taa. Mbwa afungiwe peke yake, aangaliwe siku kumi chini ya bwana mifugo. Kadi ya chanjo ya mbwa nenda nayo hospitali, lakini isiwe sababu ya kubaki nyumbani.

Hachoki hata ukimkimbiza

Hili watu wengi hulikosea, na mimi nililikosea mwaka mzima. Nilimkimbiza Ngosha kutoka Nyegezi hadi Buhongwa na kurudi, kila alfajiri. Nilichopata ni mbwa mwenye pumzi za mwanariadha na vurugu zile zile.

Kinachokosekana kwanza ni kazi ya kichwa. Badala ya kumwekea ugali na dagaa kwenye bakuli, nusu ya chakula kifiche: chini ya ndoo, nyuma ya tofali, kwenye upenyo wa jiwe. Dakika ishirini za kunusa zinamlaza kuliko saa nzima ya mbio. Mfundishe majina ya vitu. Wangu analeta ndala, na anajua tofauti ya ndala zangu na za mama watoto, jambo ambalo mimi mwenyewe gizani hunishinda. Mtoto ajifiche, mbwa amtafute.

Kinachokosekana pili ni kulala. Mbwa mzima huhitaji saa 12 na zaidi za usingizi kwa siku. Wa kuchunga hatajipumzisha mwenyewe nyumba ikiwa na pilikapilika. Mpe kona yake, mkeka wake, na watoto waambiwe hapo hapaguswi.

Tatu, angalia umri. Kabla ya mwaka mmoja na nusu usimrushe kutoka jiwe hadi jiwe wala kumkimbiza masafa. Mifupa bado inakua, na German Shepherd ana udhaifu wa kurithi wa nyonga. Akianza kuchechemea nyuma asubuhi, pumzisha, apimwe.

Juu ya joto: toka saa kumi na mbili asubuhi, uwe umerudi kabla ya saa mbili na nusu. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami. Kama huwezi kuvumilia sekunde saba, nyayo zake nazo haziwezi. Akihema bila kukoma, fizi zimewiva nyekundu, anayumba, usisubiri: kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, na safari ya kwa daktari ianze huku mkiendelea kummwagia.

Kuogelea ziwani ni mazoezi mazuri yasiyoumiza viungo. Ila usimwachie panapojulikana kuwa na mamba, wala mwaloni, wanakoshushia samaki, ambako ndoano na vipande vya nyavu vimetapakaa. Na maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, kama yanavyofanya mara kwa mara kwenye ghuba yetu, asiingie wala asinywe. Mwani huo huweza kutoa sumu inayoua mbwa kwa saa chache.

Ukimwita haji

Nilimwita mbwa wangu Ngosha kwa utani. Ni neno la Kisukuma la mwanamume, na ndivyo tunavyoitana hapa mjini. Siku ya kwanza nilipompoteza stendi ya Nyegezi nikaita "Ngosha!" kwa sauti yote. Waligeuka wanaume watatu na konda mmoja. Mbwa hakugeuka. Tangu siku hiyo natumia filimbi.

Ila jina si chanzo kikuu. Chanzo kikuu ni kwamba kuitwa kumegeuka habari mbaya: unamwita wakati wa kumfunga mnyororo, wakati wa kuoga, wakati amekosea. Ungekuwa wewe ungekuja? Hesabu leo umemwita mara ngapi, na mara ngapi alipofika alipata kitu kizuri. Kisha anza upya na neno jipya au filimbi, ndani ya uzio kwanza, dagaa kila afikapo, na mara nyingi mwachie arudi kwenye mambo yake. Akizoea, hamia nje na kamba ndefu ikiburuzika. Usiite usipoweza kuhakikisha anakuja. Kila "njoo" iliyopuuzwa inamfundisha kwamba neno hilo ni la hiari.

Akiwa alikuwa anaitika halafu ameacha, chungulia masikio. Kupe hupenda humo. Sikio linalonuka au analokuna na kutikisa kichwa ni la daktari. Usidondoshe chochote ndani.

Anachimba, anatafuna, anabweka usiku kucha

Hapa sina maneno mengi. Mbwa aliyefungwa mnyororo tangu asubuhi na kufunguliwa saa nne usiku anaanza zamu yake saa nne usiku. Mnyororo ukiondoka na asubuhi ikapata kazi, nusu ya tatizo huisha ndani ya wiki mbili. Iliyobaki kagua hivi: je, anaona barabara kupitia geti la nondo? Ziba kwa bati usawa wa macho yake. Je, anabweka kwa sauti moja isiyobadilika, akitembea njia ile ile ukutani? Huo ni upweke. Mbwa hawa walifanya kazi kando ya mtu, na kuwatupa uani mwaka mzima ni kuwaadhibu. Anachimba kwenye kivuli wakati wa joto? Anatafuta ubaridi, mpe eneo lake la mchanga wenye unyevu.

Anatoroka

Zunguka uzio ukiwa umeinama, macho yawe urefu wa mbwa. Nyumba zetu za mlimani zina kosa moja: ukuta una futi sita kwa upande wa barabara, lakini kwa ndani kuna jiwe kubwa limeegemea, na kutoka juu ya jiwe ukuta ni futi mbili. Fundi alilikwepa jiwe kwa sababu kulipasua ni gharama. Mbwa ataligundua siku ya kwanza. Ongeza ukuta mahali hapo tu, au weka wavu ulioinamia ndani.

Chanzo kingine ni dume aliyenusa jike la mtaa wa pili. Hapo ukuta hausaidii sana, zungumza na daktari kuhusu kuhasi. Na cha tatu ni kuchoshwa, ambacho nimekwisha kukieleza.

Uzio wa minyaa una hatari yake. Utomvu ule mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya. Mbwa akirudi amefumba jicho na uso una ute mweupe, osha kwa maji safi mengi kwa robo saa, nawe ukiwa umejikinga mikono na macho, kisha kwa daktari. Usingoje kesho.

Amepoa ghafla

Mwenye mbwa mvivu anaweza kusubiri siku mbili. Mwenye mbwa wa kuchunga asisubiri. Huyu akikataa mchezo anaoupenda, kuna jambo.

Fanya ukaguzi wa dakika tano. Inua mdomo, tazama fizi: ziwe za waridi, bonyeza kwa kidole, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Pima joto kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa: kati ya nyuzi 38 na 39.2 ni sawa. Ikikaribia 40, ondoka nyumbani umpeleke kwa daktari. Tazama mkojo na kinyesi.

Ninachokikuta zaidi ni homa za kupe. Fizi zimepauka, hataki kula, wakati mwingine mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi au pua inatoa damu. Zinatibika zikiwahiwa. Kupe wanatolewa kwa kibano, moja kwa moja nje, bila kuwakamua.

Kinachofuata hapa kwetu ni mapanki (mabaki ya sangara aliyetolewa minofu) na ndoano. Mifupa ya sangara ni migumu. Mbwa akijilia kando ya mwalo anaweza kufunga choo au kuchanika ndani. Uzi wa kuvulia ukining'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Kwenye ncha ya pili huenda kuna ndoano.

Kwa mbwa mdogo asiyemaliza chanjo: kutapika na kuhara damu yenye harufu kali ni parvo, ugonjwa hatari wa virusi, mpaka daktari aseme vingine. Chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka wiki ya kumi na sita. Moja peke yake haitoshi.

Kwa German Shepherd mkubwa hasa: tumbo limevimba na kukaza kama ngoma, anajaribu kutapika hakitoki kitu, hatulii. Tumbo linaweza kuwa limejipinda. Hapo unahesabu dakika.

Dawa za kujipatia nazo huua mbwa. Dawa za maumivu za binadamu, diclofenac na ibuprofen, humchoma mbwa tumbo na figo, usimpe. Na sindano ya ivermectin ya ng'ombe, dawa ya minyoo na wadudu, ndiyo inayonikera zaidi. Rafiki yangu alikuwa na chotara wa Collie, naye ni mbwa wa kuchunga, mwenye ukurutu. Akaenda duka moja la dawa za mifugo, akauziwa na kuelekezwa kipimo cha ng'ombe, mililita moja kwa kilo 50, "mpunguzie kwa uzito wake." Usiku mbwa alikuwa anayumba, mboni zimepanuka, udenda unamtoka, hamwoni mtu. Alifariki siku ya pili. Collie na jamaa zake wengi, na baadhi ya German Shepherd, hurithi hitilafu ya jeni inayoruhusu dawa hiyo kupenya hadi kwenye ubongo. Kwao kipimo cha ng'ombe, hata kikikokotolewa vizuri kwa uzito, ni sumu. Mwambie daktari asili ya mbwa wako kabla hajavuta sindano. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo usimkorogee kwa kukisia.

Amebadilika tabia bila sababu

Maumivu kwanza: mbwa mpole anayenguruma ukimgusa nyonga au sikio anasema panauma. Jike mwenye watoto, au aliyekaribia kutaka dume, naye huwa mkali kwa muda.

Lakini weka kichaa cha mbwa akilini kila mara, hasa kama chanjo ya mwaka imepita au alitoroka wiki au miezi michache nyuma. Sauti ya kubweka imebadilika, anatangatanga, anang'ata mawe na mbao, udenda, anashtushwa na mwanga. Au kinyume chake: amejikunyata gizani, taya limelegea, hawezi kumeza, anakohoa kama aliyekwamwa na mfupa.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaponza watu wa ziwani. Mwenye mbwa anajua jana alikula mapanki, anaona taya limening'inia, anasema mwiba umekwama, anaingiza mkono mdomoni. Usiingize mkono. Mfungie mlango akiwa peke yake, watoto waondoke, mpigie afisa mifugo wa kata. Aliyekwisha kuguswa na mate kwenye kidonda, jichoni au mdomoni naye aende hospitali kama aliyeng'atwa. Na kama mbwa atakufa au kulazimika kuuawa, asipigwe kichwani wala asizikwe haraka; ubongo ndio unaopimwa.